Nambari kwenye Usukani

Sharti lilikuwa moja, na binti yao Femke alilisema mezani, mbele ya baba yake, bila kuzunguka.

"Baba akifika Budapest kwa baiskeli bila kupotea hata mara moja, anabaki nyumbani. Akipotea, mwezi wa tisa anakwenda kule."

Kule ni nyumba ya wazee wanaosahau, ambako milango hufunguliwa kwa kubonyeza tarakimu ambazo wao hawaambiwi. Kitanda kilikuwa kimeshapatikana.

"Na wewe Mama, usinifiche."

Geesje akaahidi. Harmen, mumewe, alicheka tu. "Mimi nipotee? Nimempeleka mama yako nchi kumi na moja kwa baiskeli na sijampoteza, ingawa nafasi nilizipata nyingi."

Wakapanda treni na baiskeli zao hadi Ujerumani, wakaanza kuufuata Mto Danubi. Harmen mbele, Geesje nyuma, kama walivyokwenda tangu ujana. Mume anakata upepo, mke anajibanza mgongoni mwake. Na desturi yao ilikuwa kwamba wa mbele akifika njia panda huweka mguu chini akangoja. Haondoki mpaka amemwona wa nyuma.

Ujerumani waliimaliza salama. Shida ilianza Austria, nayo mwanzoni ilikuwa ya kuchekesha. Kwao Uholanzi mwendesha baiskeli hafuati majina ya miji. Kila njia panda ina nguzo yenye nambari. Asubuhi unaandika nambari za siku hiyo kwenye kipande cha karatasi, unakibandika kwenye usukani, kisha unaziwinda moja moja: kumi na saba, arobaini, ishirini na mbili. Njia ya Danubi haina mambo hayo. Ni mto tu, na kibao hapa na pale. Kila asubuhi Harmen aliutazama usukani wake mtupu kama mtu aliyeibiwa.

"Nambari zangu ziko wapi?"

"Huku hakuna, Harmen. Tunafuata mto."

"Mto hauna adabu huo. Leo uko kushoto, kesho uko kulia. Nipe nambari."

Siku ya kwanza walicheka pamoja. Siku ya nne aliuliza mara tisa kabla hajamaliza mkate wake wa siagi ya karanga. Kwa hiyo walipoingia Slovakia Geesje alichukua kalamu akaandika nambari zilizomjia kichwani tu: 47, 13, 82, 60. Akazibandika. Harmen akaupiga usukani kofi la furaha, kama apigwavyo farasi shingoni.

"Sasa hii ndiyo safari! Twende, bibie, na usilale huko nyuma."

Siku mbili aliendesha vizuri mno. Hakuuliza kitu. Tuta la mto lilikuwa limenyooka, njia panda hazikuwepo, na Geesje alikuwa akiutazama mgongo wake ukiyumba taratibu huku akijiruhusu kuwaza majira ya baridi: Harmen kwenye kiti chake cha dirishani, anamlaumu jirani kwa kufagia theluji vibaya, na milango yote ya nyumba haina kufuli.

Siku ya tatu wakavuka daraja kuingia Hungaria. Katikati ya daraja mnyororo wa Geesje ukachomoka. Alimwita mumewe, lakini malori yalikuwa yananguruma. Dakika tano baadaye, mikono ikiwa myeusi kwa grisi, alifika mwisho wa daraja. Palikuwa na njia panda, na Harmen hayupo.

Alidhani amejificha kukojoa. Akangoja. Akaenda kilomita sita kando ya mto, akarudi. Akapiga simu ya Harmen, ikalia ndani ya mkoba wake mwenyewe, maana yeye ndiye aliyekuwa akimbebea. Ndipo alipoinua macho akasoma kibao kikubwa cha magari. Barabara ya 13. Ilikuwa inaelekea kusini, inauacha mto.

Kumi na tatu aliyoiandika yeye. Akageuza baiskeli akaifuata.

Alimpata baada ya saa mbili na nusu, kando ya barabara hiyo, kwenye meza ya mwanamke muuza matikiti. Baiskeli imelala majanini. Harmen alikuwa amevishwa kofia ya majani ya yule mwanamke, anakula tikiti na kumweleza mambo kwa Kiholanzi, na mwanamke akiitikia kwa Kihungaria, wote wawili wameridhika.

"Zimebaki mbili tu," Harmen alikuwa akisema. "Themanini na mbili, halafu sitini, tumefika nyumbani."

Alipomwona Geesje akasimama kwa heshima, akavua ile kofia.

"Habari za mchana, mama. Samahani, hukumwona mke wangu njiani? Mfupi hivi, ana maneno mengi."

"Mengi kiasi gani?"

"Ah! Akianza yule, hata upepo unanyamaza umsikilize."

Geesje alicheka. "Ni mimi, Harmen."

Harmen alimtazama. Kisha kidogo kidogo uso wake ukarudi, na uliporudi ulirudi na hofu.

Njia nzima ya kurudi mtoni alikuwa na akili zake. "Nilipotea, sivyo?"

"Kidogo."

"Femke asijue, Geesje. Nakuomba."

Walipiga hema kabla ya saa kumi na mbili, saa ambayo Femke hupiga simu. Jua lilikuwa bado kali. Geesje aliyapanga maneno yake. Angesema kosa ni lake. Ndiye aliyeandika nambari za uongo, na Harmen alizifuata kwa utii kama Mholanzi mwema. Sio yeye aliyepotea, yeye alipotezwa. Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Hata hakimu angeukubali.

Lakini alimjua mumewe. Harmen wa zamani ungempa nambari za Uholanzi katika nchi ya Slovakia, angecheka mpaka aanguke na baiskeli, kisha angewasimulia watu miaka kumi. Huyu alikuwa amezisoma siku tatu, asubuhi na jioni, na wala hakucheka. Hapo ndipo alipopotea, kabla hawajaliona hilo daraja. Geesje alikuwa nyuma yake muda wote, anautazama mgongo.

Simu ikaita.

"Mama? Leo vipi?"

"Amepotea," Geesje alisema.

Femke akaanza kulia taratibu, na katika kulia kwake akataja tarehe, na treni, na kwamba angekuja kuwachukua.

Harmen alikuwa ameketi kwenye nyasi, anavua viatu. Akainua kichwa.

"Nani amepotea?"

Geesje alimtazama, simu ikiwa sikioni.

"Basi si tukamtafute?" Harmen alisema, na akaanza kuvaa viatu vyake tena, kwa haraka. "Bado kuna mwanga. Inuka, mwanamke, mtu hawezi kuachwa peke yake huko nje."