Dirisha Nyuma ya Jino

Printa kubwa ilikwama ng'ombe akiwa nusu. Kichwa, pembe na miguu ya mbele vilikuwa vimeshatokea kwenye turubai la bango, vinaning'inia mbele ya mashine. Sehemu ya nyuma, ambayo ndiyo mwenye bucha aliyeliagiza aliitaka ionekane zaidi, ilikuwa bado haijachapwa.

Mama Roli hakuhangaika. Walimpa jina hilo kwa sababu maroli ya turubai aliyabeba begani kama mwanamke mwingine anavyobeba mtoto aliyelala, na miaka yote aliyofanya kazi ya kuchapa mabango hakuwahi kuipiga mashine kofi. Mashine haina mdomo, inasema kwa taa. Alijipangusa mikono, akainama upande wa kulia, akazitazama taa tatu.

Kijani ikitulia, mambo shwari. Njano ikitulia, wino umepungua. Njano ikikonyeza, turubai limejikunja mahali. Nyekundu ikikonyeza, kile kichwa kinachopita huku na huku kikimwaga wino kimegonga kitu njiani. Lakini nyekundu ikitulia tuli, bila kukonyeza, ujue feni ya ndani haizunguki na mvuke wa wino umekosa pa kutokea. Hapo usiguse kitu. Mwite fundi.

Ilikuwa njano, inakonyeza. Mama Roli akafunua mfuniko, akauona ukingo uliojikunja, akaulaza kwa kiganja, akafunika. Makalio ya ng'ombe yakaanza kutoka, manene, mazuri.

Alipojinyoosha, mwenzake aliyekuwa mezani akitoboa mabango na kuyatia vipete vya chuma, kijana aitwaye Matundu, alimtazama chini ya shingo.

"Mama, na wewe unawaka."

Mama Roli akajitazama kwenye kioo cha mfuniko. Chini ya mtulinga, upande wa kulia, palikuwa na taa tatu ndogo, zimepangika vizuri kama vifungo. Nyekundu ilikuwa inawaka. Ilikuwa imetulia.

"Tangu lini?"

"Mimi nimeiona sasa hivi. Jana ulivaa shati la kola."

"Mbona haiumi?"

"Na ile ya printa, umewahi kuisikia ikilia?"

Basi wakaendelea na ng'ombe.

Nyumbani, mumewe aliweka kikombe chini akaitazama ile taa kwa muda. Alikuwa ameendesha lori mpaka magoti yakakataa.

"Inatulia au inakonyeza?"

"Inatulia."

"Mke wangu, taa ya kwenye dashibodi si pambo. Mwone fundi."

"Daktari je?"

"Daktari atasoma taa gani? Nenda kwa anayezijua."

Mama Roli hakubisha, maana mwenyewe alikuwa na lake moyoni. Kwa muda sasa pumzi ilikuwa inamkimbia. Ngazi za nyumbani alizipanda kwa vituo, kama basi. Na kicheko chake, ambacho zamani kilisikika mpaka kwa majirani na kuwafanya nao wacheke bila kujua wanacheka nini, siku hizi kilikatika katikati, akabaki mdomo wazi, watu wanangoja sehemu iliyobaki. Alitaka pumzi yake irudi. Hakutaka kingine.

Kesho yake fundi wa printa alikuja kazini kwao na bisibisi yake mfukoni. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu, asiyefungua mashine yoyote kabla taa hazijamweleza.

"Samahani mama, legeza kifungo cha juu." Akachuchumaa kidogo. "Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Nimelala nimeamka. Iko palepale."

"Sawa. Basi si ya muda. Vuta pumzi."

Akavuta, akakohoa. Taa ikakolea. Fundi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akamwomba watoke wote wawili mpaka barabarani. Walipofika nje, nyekundu ikazimika, kijani ikawaka. Wakarudi ndani, nyekundu. Wakatoka tena, kijani. Mpita njia aliyewaona akadhani wanajifunza kuvuka barabara.

"Kosa haliko kwako," fundi alisema. "Wewe ni mzima kabisa. Kosa ni chumba. Mvuke wa wino hauna pa kutokea, basi unatokea kwako. Hata nyumbani unaingia nao kwenye nguo, ukifunga mlango taa inarudi."

"Na mimi je?" Waliporudi ndani, Matundu alikuwa ameshafunua shati. Yeye ilikuwa njano.

"Wewe bado. Uko njiani."

Matundu alifurahi. Toka utotoni alikuwa akiambiwa yuko nyuma ya wenzake, na hii ilikuwa mara ya kwanza jambo hilo kuwa zuri.

Chumba kilikuwa na dirisha, tena pana. Fundi akavuta komeo, akafungua. Nyuma ya dirisha palikuwa na jino.

Hakuna aliyeuliza. Wote walijua kwamba mbele ya jengo, toka paani mpaka juu ya mlango, limetundikwa bango la Bosi mwenyewe anatabasamu, na maneno TUNACHAPA CHOCHOTE yamepita chini ya kidevu chake. Walilichapa wao. Ila hawakuwahi kupima dirisha limeangukia wapi usoni. Sasa walijua: lilikuwa nyuma ya meno mawili ya mbele, ya juu. Mwanga ulioingia ulikuwa mweupe na mzito, mwanga wa jino.

Bosi akaitwa. Yeye hukaa chumba cha chini, mlango wazi, upepo wa barabara ukimpepea. Alipoelezwa habari ya taa alifungua vifungo viwili kwa hiari yake.

"Mimi yangu kijani," alisema. "Oneni. Imetulia."

"Hongera, Bosi," fundi akasema. "Sasa itabidi tutoboe hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwenye meno."

Bosi akalisogelea dirisha, akaligusa jino lake kwa kidole, kwa nyuma, ambako mtu hapagusi.

"Yaani mnataka nionekane kibogoyo mbele za watu? Mteja atamwamini nani? Mchapaji asiyeweza kutunza meno yake mwenyewe?"

"Bosi, ya mdomoni yatabaki," Mama Roli akasema. "Mimi naomba pumzi tu."

"Mama Roli, wewe ni dada yangu. Tumetoka mbali. Kweli kabisa unaweza kushika mkasi ukaning'oa meno?"

"Naweza."

Matundu akacheka. Mama Roli naye akaanza kucheka, ikakatika. Walimngoja kidogo kwa heshima, kisha Bosi akamgeukia fundi.

"Kile kihisi cha mfuniko kilipokufa, kile kilichokuwa kinaiambia mashine kama mfuniko uko wazi au umefungwa, ulifanyaje?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Nilikiziba jicho. Kwa tepu nyeusi."

"Na mashine?"

"Iliamini. Mpaka leo inaamini."

"Haya basi."

"Bosi, ile ni mashine."

"Na hii ni taa."

Fundi akakata kipande cha tepu, akakibandika chini ya mtulinga wa Mama Roli kwa adabu, kama mtu anayebandika stempu. Taa zikazimika. Zikawaka upande wa kushoto. Akabandika na kushoto. Zikawaka kwenye paji la uso, na hapo kila mtu aliona tepu haitapendeza.

Bosi hakuwa mtu wa roho mbaya, au hivyo ndivyo alivyojiona. Alikaa kwenye kompyuta mpaka adhuhuri akitafuta picha, kisha akamwita Mama Roli apachike roli jipya. Akamchapisha picha ya dirisha. Lilikuwa kubwa kuliko lile la kweli, lina pazia jeupe, na nje yake kuna majani marefu yanayopanda kilima. Printa haikulalamika hata mara moja. Wakalitundika ukutani, likalifunika lile dirisha lenye jino.

"Haya, hewa hiyo," Bosi akasema.

Pazia lilipepea. Matundu akasogeza mkono, akasogeza na shavu. Pazia lilipepea kweli, majani yakalala na kuinuka, lakini upepo wote ulibaki upande wa picha. Huku chumbani harufu ya wino ilikuwa ileile.

Fundi akasimama mbele ya lile bango, mikono nyuma. "Kazi safi," akasema. Akampima Mama Roli tena: nyekundu, imetulia. Akaikagua na printa kwa kuwa alikuwa hapo hapo, akaikuta haina tatizo, akaondoka.

Habari zikaenea. Akaja mwenye karakana ya kushona, ambako wanawake hukaa mgongo kwa mgongo kwenye chumba kisicho na tundu, na wote, alisema, wameanza kuwaka nyekundu, mpaka hahitaji kuwasha umeme. Akalitazama lile pazia.

"Mnaweza kunichapia ya hivi, yenye upepo?"

"Tunaweza," Bosi akasema. "Unataka ya kilima au ya bahari?"

"Zote mbili. Nichapieni ya kutosha kuta zote."

Bosi akaita, roli jipya liletwe. Mama Roli alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, ameshika ukuta, taa ya paji la uso ikiyapaka maroli wekundu, anangoja pumzi imfikie. Ilipofika nusu yake aliona inatosha kwa roli moja. Akainama, akalibeba.