Filamu Iliyotoka Jamnagar

Telegramu ya kifo ilitangulia, filamu ikafuata. Kaka yake Sushila aliitia posta kule Jamnagar mama yao akiwa bado mzima. Ikaja kwa meli mpaka Mombasa, ikapanda treni, ikavuka ziwa, na ilipofika Mwanza mama alikuwa amekwisha kuchomwa na majivu yake kumwagwa mtoni. Ilikuwa filamu ya harusi ya mpwa wao. Juu ya mkebe kaka alikuwa ameandika kwamba mama yumo, amwangalie vizuri.

Sushila alikuwa hajamwona mama yake tangu alipoletwa Mwanza kuolewa. Mwaka ule wa 1961 ndio alikuwa aende. Lakini Vasant, mumewe, mwenye duka la vitambaa, alimwambia wangoje kwanza. Uhuru unakuja Desemba, hakuna ajuaye biashara itakuwaje, si wakati wa kufunga duka na kusafiri. Sushila akangoja. Tangu telegramu ile ifike, mambo ya safari hayakutajwa tena nyumbani mwao.

Kulikuwa na Mwingereza mmoja mtaa wa Pasiansi aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Vasant akanunua mashine yake ya sinema, na wenzake wa mjini wakashangaa kusikia kwamba hakuomba hata kupunguziwa. Kisha akatuma mtu mtaa wa Mabatini amwite Seif, fundi redio.

Seif alizijua redio kama alivyoijua nyumba yake. Mashine ya sinema alikuwa ameiona kwa mbali tu, siku gari la serikali lilipokuja kuonyesha picha za kilimo cha pamba. Alipoulizwa kama anaiweza, alijibu kwamba anaiweza. Mwanvua, mkewe, alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Seif akamwambia umeme ni umeme, akafunga mfuko wake wa bisibisi, akatoka kabla hajaulizwa mara ya tatu.

Aliwakuta Vasant na mkewe ghorofani, juu ya duka. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi na shuka nyeupe imetandazwa ukutani. Seif akamwamkia Sushila, naye akaitikia kwa sauti ndogo. Alikuwa amekaa karibu sana na shuka, amevaa sari nyeupe ya msiba, mikono imelala mapajani. Vasant alikuwa hakai. Alizunguka meza iliyobeba mashine, akagusa hiki na kile, akasema Mwingereza alimwonyesha kila kitu lakini alikuwa na haraka.

Seif alichomeka waya kwenye umeme, na taa haikuwaka. Akafungua kifuniko, akakuta balbu imelegea, akaikaza, ikawaka. Moyo wake ukatulia kidogo. Akachukua filamu, akaipitisha kwenye magurudumu kwa kufuata mchoro uliobandikwa ubavuni mwa mashine, akahakikisha haijalegea popote. Kwenye redio, uzi unaousogeza mshale wa stesheni ukilegea, redio hiyo ni bure. Akaivuta filamu mpaka ikawa imekazika sawasawa, akabonyeza swichi.

Ukutani ikatokea picha, lakini haikuwa picha ya kutazamika. Watu walikuwa na miguu juu na vichwa chini yake, wamekatwa katikati na mstari mweusi, na wote wakitetemeka kama wana homa. Mashine ikawa inakereza. Seif akazungusha kirungu cha mbele, picha ikafifia, akakirudisha. Akajaribu kingine, mstari ukapanda, ukashuka tena.

"Endelea tu, itakaa," Vasant alisema.

Ghafla picha ikasimama. Katikati ya shuka likatokea doa la kahawia, likapanuka, likawa tundu jeupe, na harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Seif akaung'oa waya ukutani.

Wakafungua blanketi moja. Kipande kilichoungua kilikuwa cha mlango wa nyumba uliopambwa maua, hakukuwa na mtu. Lakini Sushila alikuwa amesimama, na uso wake ulimtisha Seif kuliko ile harufu.

Vasant alitaka wajaribu tena papo hapo. Alisema ni mwanzo tu wa filamu, hakuna kilichopotea. Alisema kwa haraka mno, kama mtu anayelipa kitu ambacho hakilipiki, na Seif akaelewa kwamba bwana huyu hana hofu ya mashine. Anachoogopa ni siku hii kupita bila mkewe kupata alichoahidiwa.

"Hapana," Sushila alisema. "Hakuna nyingine. Ikiungua yote, sitamwona mama tena."

Seif alitamani kuaga. Angeweza kusema mashine ni mbovu, Mwingereza amewauzia mkweche, na hakuna ambaye angebisha. Maneno hayo yalimfika mdomoni. Akayameza, akauliza kama kuna filamu nyingine yoyote ya kujaribia.

Ilikuwapo moja, iliyosahauliwa na Mwingereza chini ya kasha. Seif akaisafisha mashine kwanza, akapangusa kidirisha cha taa kwa kitambaa, kikatoka na vumbi jeusi. Alipoipitisha filamu hii ya pili hakuthubutu kuivuta. Aliiogopa, akaiacha imelegea juu na chini ya kidirisha, imepinda kama kitanzi. Akabonyeza swichi huku mkono mwingine umeshika waya.

Ikatokea mashua, na mawe ya ufuko wa Bwiru nyuma yake, na mzungu mwenye kofia ameinua samaki aina ya sato. Picha ilitulia kabisa. Hakuna mstari, hakuna kutetemeka.

Vasant akasema basi filamu ya Jamnagar ndiyo mbovu. Seif aliinama akatazama kile kitanzi kikicheza. Meno ya mashine yalikuwa yanaivuta filamu kidogokidogo, inashuka na kusimama, inashuka na kusimama, na kila mara ulegevu ule ndio ulioiachia nafasi ya kusogea. Iliyokazwa haina pa kwenda. Inagoma, na ikigoma mbele ya taa inaungua.

"Kosa ni langu, mama," alisema. "Niliikaza kama uzi wa redio. Filamu haitaki kukazwa."

Sushila akakaa tena kwenye kiti chake na kumwambia aiweke.

Seif aliondoa kipande kilichoungua, akaiunganisha kwa gundi iliyokuja na mashine, akaipitisha upya na kuacha vitanzi viwili. Picha ikaja, imetulia. Ulipita mlango wenye maua, wakapita wapiga ngoma, akapita bwana harusi juu ya farasi. Sauti haikuwamo, ilisikika mashine tu. Kisha ukaonekana ua wa ndani, na bibi mmoja ameketi chini akichambua mchele kwenye sinia. Mpiga picha alipomkaribia, alijifunika uso wote kwa sari, akaendelea na kazi yake.

Sushila akacheka kwa sauti, wanaume wote wawili wakashtuka. Akasema kwamba ndivyo alivyo, anaona haya. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu bibi yule hakufunua uso. Mikono tu ndiyo ilionekana, ikitupa vijiwe pembeni. Seif aliomba moyoni picha isiishie hivyo. Mtu fulani asiyeonekana akamwambia bibi neno, naye akaachia sari na kuinua kichwa, anacheka, hana meno ya mbele.

"Simamisha," Sushila alisema.

Seif hakusimamisha.

"Fundi, simamisha!" Vasant alipaza sauti.

"Nikisimamisha itaungua hapohapo, usoni," Seif alisema, na picha ikapita, wakaja watoto wanakula jalebi, vitamu vya sukari.

Akazima taa kwanza, ndipo akazima mashine. Akairudisha filamu kwa mkono, taratibu, akafungua dirisha la upande wa ziwa na kuinyosha kwenye mwanga mbele ya Sushila. Picha zilikuwa ndogo kama ukucha, zimepangana, na katika kila moja mama yake anacheka. Sushila alisogeza jicho karibu. Alikaa hivyo mpaka mikono ya Seif ikauma, naye hakuishusha.

Kisha Sushila akaweka kidole kwenye picha moja.

"Nikatie hii."

Vasant akasema kwa upole kwamba itaharibu filamu. Wangoje, aipeleke Nairobi kwa mpiga picha, waitoe kubwa kwenye karatasi.

"Nimengoja," Sushila alisema.

Vasant akaenda mwenyewe dukani chini, akarudi na mkasi mdogo wa kukatia hariri, akampa Seif.