Cherehani Iliyomngoja Injinia

Kipande cha pili cha chuma nilikikabidhi Jumatano, na mwalimu wa karakana hakuhitaji hata miwani kukikataa. Alikiwekea skwea, kile kipimo cha pembe mraba, akakiinua dirishani, mwanga ukapenya kati yake na chuma upande mzima. Akanirudishia. Kilibaki cha tatu tu. Nacho kikikataliwa, nafunga virago chuoni wiki ya tano ya mwaka wa kwanza.

Wenzangu wengi walitoka vyuo vya ufundi. Mimi nilifika na alama za hesabu zilizopigiwa vigelegele mtaa mzima, na mikono ambayo haikuwahi kukaza hata nati. Wiki mbili nilipeleka tupa mbele na nyuma kama anayesugua sufuria, hadi jirani yangu wa meza, tuliyembatiza Greda kwa jinsi alivyosawazisha chuma, akaniuliza kwa upole kama najua kwamba tupa hukata ikienda mbele tu. Nikamjibu najua. Nilikuwa sijui, na uongo ule ndio kazi pekee niliyoimudu mle karakanani.

Jumamosi nikaenda nyumbani, nimeazimia kumwambia mama ukweli. Mama ni fundi cherehani. Tangu barua ya chuo ifike ananiita Injinia, hata anaponituma chumvi.

Nilimkuta amekaa mikono mapajani. Cherehani ilikuwa imekwama tangu Jumatatu, sare za shule zimerundikana, wenye nazo wanakuja wanarudi. Fundi wa mtaani alipopita, mama alimwambia aende zake, nyumba hii ina injinia.

Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nikaomba bisibisi.

Skrubu ya kwanza nilikaza badala ya kulegeza, bisibisi ikateleza, kichwa kikalika. Ya pili ilitoka, na springi ndogo ikaruka chini ya kabati. Nilipiga magoti nikaipata, lakini sikujua imetoka wapi. Nikawa naigeuzageuza kiganjani, najifanya nafikiri. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, sijui," nikasema. "Hata chuoni sijui. Wako karibu kunifukuza."

Akavuta kiti. Akaichukua bisibisi mkononi mwangu. Alifungua kibati cha chini, akachomoa uzi uliojiviringisha nyuma ya bobini ya uzi wa chini, akairudisha springi mahali pake bila hata kuangalia. Hazikupita dakika kumi. Gurudumu likazunguka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba angeweza kuitengeneza tangu Jumatatu. Wiki nzima aliacha kazi ilale, akawavumilia wateja, ili mwanawe akute kitu cha kutengeneza.

"Mwanangu," akasema bila kuinua macho, "nishikie hizi skrubu zisipotee."

Nikazipokea. Wiki zote hizo niliomba moyoni aache kuniita Injinia. Sasa alikuwa ameacha, nami nikalia kama mtoto, ngumi nimeifumba skrubu zisianguke.