Kisanduku Kinachopona Mkuza

"Shikamoo, mzee."

Mzee Ndaki hakuitikia. Alikibwaga kisanduku mezani, bisibisi zikaruka. "Mara ya tatu hii! Natoka Msimbu mpaka Mkuza kumfuata mwizi!"

Watu wa banda la jirani wakageuza shingo. Fadhila, fundi kwa miaka kumi na moja sasa, hakuwahi kuitwa hivyo. Masikio yalimwaka moto.

"Mwizi wa nini, mzee?"

"Chipu ya kisanduku hiki kinachoendesha mashine yangu ya kutotolesha vifaranga! Umechomoa nzima, ukanipachikia mbovu. Mota inatetemeka tu, mayai hayageuki. Mia mbili yameshaniharibikia. Na mwenye banda, Salehe, anasema usiposafisha jina lako leo, banda lake unaliachia."

Loo! Salehe mwenyewe alikuwa kasimama mlangoni anachokonoa meno, wala hakukanusha.

Fadhila alikiunganisha kisanduku na mota yake ya majaribio. Ikazunguka hatua kwa hatua, tk, tk, tk, bila kasoro. Ndiyo balaa lenyewe hilo: Mkuza kizima, Msimbu kinaugua. Chipu alishabadilisha. Umeme unaokwenda kwenye mota alishaupunguza, na bati la kupoza alishabandika. Chipu ile anaijua: ikichemka inajizima, ikipoa kidogo inajiwasha, na mota inabaki kutetemeka. Lakini hapa mezani haikuchemka hata alipoiacha kutwa nzima.

"Sikipimi hapa tena," alisema. "Twende kwako."

"Uje kuiba nini tena?"

Walikwenda hivyo hivyo. Njia nzima mzee alikuwa anafyonya tu.

Msimbu, mkewe Rahabu aliwapokea kwa maji ya kunywa. Sebuleni kwake kila kitu kilivalishwa kitambaa cha kufuma: redio, makochi, hata jagi. Mzee alikirudisha kisanduku juu ya mashine, akawasha. Mota ikazunguka, trei za mayai zikainama taratibu. Rahabu akaja, akakifunika kisanduku kwa nailoni, na juu yake kitambaa chekundu cha uzi mzito, kimekunjwa mara mbili.

Fadhila alikitazama kile kitambaa, kisha akatazama saa. Haikupita nusu saa mota ikaanza kutetemeka.

"Umeona?" mzee alifoka. "Mwizi mkubwa wewe!"

Fadhila alivuta kitambaa na nailoni, akafungua kifuniko. "Gusa hilo bati, mzee."

Aligusa, akarusha mkono. "Ah!"

"Chipu inapikwa humu. Ukija kwangu unakuja na kisanduku kitupu, nguo yake unaiacha nyumbani."

Rahabu aliweka chini jagi. "Nilikikinga na vumbi tu," alisema. "Kitambaa nimekifuma wiki mbili."

"Kumbe mwizi namlisha mwenyewe!" mzee alimgeukia.

Furaha ya Fadhila ikakatika njiani. Njia nzima alikuwa ameisubiri haki yake, na sasa ilipofika ilikuwa chungu mdomoni.

"Huyu naye si mwizi," alisema kwa hasira. "Mpigie Salehe. Kwa mdomo uleule ulioniita mwizi."

Mzee alipiga, mgongo akiwa amewapa. "Salehe. Banda mwachie fundi." Akakata simu, akatoka nje bila kumtazama mtu.

Chipu ilikuwa imepoa. Tk, tk, tk, trei zikaanza kuinama tena. Rahabu aliketi mkekani, kitambaa chekundu mapajani. Akautafuta mwisho wa uzi, akauvuta, na mstari wa kwanza ukafumuka.