Mkate Usio na Alama

Kila nyumba hapa Villar-Combe ina alama yake ya mkate: kipande cha mti kilichochongwa jogoo, ufunguo au herufi mbili, kinachogandamizwa juu ya donge kabla halijaingia tanurini. Tanuri ni moja, la kijiji kizima, na zamani liliwashwa mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa Novemba. Bila alama tungegombania mikate.

Nyumba ya Fournier peke yake haina.

Jambo hilo halikumsumbua mtu mpaka tulipomaliza kulikarabati tanuri, lililokuwa limelala miaka hamsini, tukakutana ukumbini kupiga kura ya nani aliwashe. Kura yetu hupigwa kwa alama: zote hutiwa ndani ya aproni ya Bi Philomène Albrand, naye huchomoa moja bila kutazama. Enzi za wazee ilikuwa kura ya balaa, maana anayeanza na tanuri baridi humaliza kuni zake na mkate bado hutoka mbichi. Safari hii, kwa heshima ya kuliamsha tanuri, kila mtu aliitaka.

Léonce Fournier, mwezekaji mstaafu wa miaka themanini na mmoja, alisimama.

"Kura ya nini? Mimi ni Fournier. Maana ya jina Fournier ni mtunza tanuri, hata watoto wa shule wanajua. Babu zangu ndio waliokuwa wakiliwasha."

"Na Berger wa posta je, jina lake si mchungaji?" akauliza Philomène. "Kondoo akikohoa tu, anapanda juu ya meza. Lete alama, mzee wangu, uingie kwenye kura kama wenzako."

Watu wakacheka. Léonce alikaa, akawa anaizungusha kofia yake magotini. Tulipotoka alinishika mkono.

"Hippolyte, wewe unasoma makaratasi ya kale. Nitafutie. Baba yangu alikufa akiamini hivyo. Sitaki nife nikimcheka."

Mimi nilikuwa fundi wa barabara. Kusoma hati nilijifunza mwenyewe baada ya kustaafu, kwa kamusi ya Kilatini na subira. Niliomba muda, na kura ikaahirishwa wiki tatu. Nilipanda basi mara sita kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya wilaya.

Nilianza na waliokufa karibuni, nikarudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Fournier mshona viatu. Fournier mwashi. Fournier mfuga nyuki. Hakuna hata mmoja aliyegusa tanuri, na nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumpoza Léonce. Kisha daftari za ubatizo na vifo zikaisha, pengo la miaka tisini, na ng'ambo ya pengo nikakuta karatasi moja ya watawa waliolimiliki tanuri letu. Ilimtaja Pierre, mtunza tanuri, pamoja na ujira wake.

Niliisoma mara nne kabla ya kuinakili.

Tulipokutana tena nilisema kwanza lile baya. "Siwezi kuthibitisha kwamba Pierre huyu ni babu yake Léonce. Kuna miaka tisini sina kitu."

Léonce akainamisha kichwa.

"Lakini sikilizeni ujira wake. Kila nyumba ikioka, impe mtunza tanuri mkate mmoja usio na alama, ili usichanganyike na ya wenyewe."

Philomène alikuwa ameshika aproni yake, alama zikigongana ndani.

"Mama yangu," akasema polepole, "donge la mwisho alikuwa haligongi alama. Kila mwaka. Nikimuuliza anasema, hili la tanuri. Halafu tunampa punda."

"Hata kwetu!" akasema Berger. "Sisi tulikuwa tunampa kasisi."

"Bora punda," mtu akasema nyuma.

Philomène aliniangalia, akamwangalia Léonce. "Miaka tisini ni mingi," akasema. "Ila nyumba isiyo na alama ni moja tu." Kisha akafunga ncha za aproni. "Mtunza tanuri haingii kwenye kura. Anawasha kwa ajili ya wote. Na kuni anapasua mwenyewe, mzee, usije ukaniita mimi!"

"Nitapasua," akasema Léonce.

Alipasua siku nne, akawasha alfajiri, na mikate ya kwanza ikatoka mbichi kama ilivyo desturi. Tuliila hivyo hivyo na jibini. Mchana, nyumba moja baada ya nyingine, tulimletea mkate mmoja wenye uso mtupu, usio na chochote juu yake. Ilipofika kumi na saba akakosa pa kuiweka.

Mimi nilikuwa nimemchongea alama, nyuki, kwa kumbukumbu ya yule mfugaji. Nilipompa aliigeuza mkononi, akaisifu, akanirudishia.

"Kazi nzuri, Hippolyte," akasema. "Lakini hapana. Nikiigonga, watajuaje kwamba mkate ni wangu?"