Batamaji Mwenye Mdomo wa Matope

Ami Hormoz alimpenda bata wake kuliko mkewe, na wa kwanza kulisema hilo hadharani alikuwa mkewe mwenyewe. "Nikifa," Ferangis aliwaambia wanawake wenzake tanurini, "msimpe Hormoz habari mpaka bata amalize kula. Asije akamsahau kwa majonzi."

Bata huyo aliitwa Banu. Bata mwitu wanaoteremka kutoka Siberia kila majira ya baridi hupita juu ya mashamba yetu ya mpunga, ambayo majira hayo tunayajaza maji yawe bwawa, wamechoka, wanaifuata Bahari ya Kaspi, hawana haja na sisi. Banu akilia mara moja tu, walikunja mabawa wakaangukia nyavuni kama watu walioitwa wali wa harusi. Mtego usio na bata wa kuita ni nyavu zinazolowa bure. Kila mtu bwawani alimtamani Banu, na aliyemtamani zaidi alikuwa Mashdi Nosrat. Aliitwa Mashdi kwa sababu aliwahi kuzuru mji mtakatifu wa Mashhad, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo kwa saa mbili mfululizo.

Bwawa letu lina sheria moja tu: kimya. Wale mahayawani wa ng'ambo ya barabara hupiga bunduki, kisha hulalamika kwamba ndege wamekuwa wachache. Sisi hutumia nyavu na subira, na kila neno husemwa kwa sauti ya mbu. Tumezaliwa tukikohoa ndani ya kofia za sufu. Anayewarusha ndege kwa sauti yake hutoka bwawani asirudi hadi mpunga upandwe, hata awe nani. Mlinzi wa sheria ni Bibi Golandam, mjane aliyerithi uongozi wa bwawa kwa mumewe, mwanamke mfupi, mkavu kama samaki wa moshi. Alishamtoa kaka yake mwenyewe kwa kupiga chafya. Ndiyo maana majumbani kwetu watu hugombana kwa sauti za kuezua paa. Wamezitunza kutwa nzima.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Tulikuwa ndani ya kibanda cha matete, chai mkononi, tukichungulia kupitia matundu, ukungu ulipopasuka kidogo tukaona kitu cheupe kimeelea peke yake karibu na mabua ya mpunga. Batamaji. Amelala, shingo ameilaza mgongoni.

"Mdogo," akanong'ona Ami Hormoz, akaiweka chai yake chini.

"Mkubwa," akanong'ona Mashdi Nosrat, bila hata kutazama vizuri.

Hapa inafaa mjue jambo. Batamaji wako wa aina mbili, mkubwa na mdogo, nasi hatuwategi. Batamaji akitua, bata hujua pana amani, nao hutua. Wakubwa huja kila mwaka, kwa familia, kwa makelele. Mdogo ni nadra. Marehemu babu yangu, baba yake Ami, aliapa kwamba alimwona mmoja kwenye bwawa hili, mwaka wa theluji kubwa, akiwa peke yake. Hakuna aliyemwamini. Walimwita mwongo mpaka anazikwa, na mmoja wa waliobeba jeneza, nasikia, alikuwa bado anacheka. Ami Hormoz alikuwa ameibeba aibu hiyo tangu utotoni. Alimhitaji batamaji mdogo kama mtu anavyohitaji shahidi mahakamani.

"Tazama mdomo, Mashdi," akasema Ami. "Mweusi karibu wote. Manjano yako wapi?"

"Yako chini ya matope, kipofu wewe. Usiku kucha huyo alikuwa akichimba mizizi."

"Kipofu baba yako."

"Kweli, baba yangu macho yalimpungukia. Lakini hakuwahi kuona ndege asiyekuwepo, kama baba yako."

Ami akaing'ata kofia yake. Yote hayo, kumbukeni, yalisemwa kwa sauti ambayo isingemwamsha mtoto mchanga.

Kuwatofautisha batamaji hawa wawili, mtoto wa kwetu hujifunza kabla ya kujua kufunga viatu. Wote weupe, wote mdomo mweusi wenye manjano shinani. Kwa mkubwa, manjano hushuka kama ncha ya kisu mpaka kulipita tundu la pua. Kwa mdogo ni kiraka cha mviringo, kinaishia juu, hakilifikii tundu. Mkubwa ana shingo ndefu kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Mdogo ana shingo fupi na kichwa cha mviringo, utadhani bata bukini aliyevaa kanzu. Mkubwa hupiga tarumbeta, mdogo hubweka kama kitoto cha mbwa. Rahisi sana. Rahisi pale ndege anapokuwa macho, na anasema, na yuko na wenzake wa kumlinganisha nao, na hajaupaka mdomo wake tope la shamba zima.

"Mweke Banu dau," akanong'ona Mashdi Nosrat.

Kibanda kizima kikaacha kunywa chai.

"Akiwa mdogo," Mashdi akaendelea, "kiti changu cha mbele, pale kwenye mdomo wa mfereji, ni chako. Maana umekaa hapo kwenye moshi wa jiko miaka yote hii mpaka unanuka kama samaki wa Bibi Golandam. Akiwa mkubwa, Banu ni wangu."

"Ami," nikamvuta mkono, "usimweke Banu. Bila Banu huna kazi majira haya yote."

"Nyamaza, Bahador. Heshima ya babu yako imelala pale majini, nawe unanihesabia bata?"

"Babu alishakufa, Ami. Banu yuko hai."

"Nimekubali," akamwambia Mashdi, nao wakashikana mikono mbele ya Bibi Golandam, aliyetikisa kichwa kama anayeshuhudia ndoa mbaya.

Sasa ushahidi utoke wapi? Ami Hormoz akapata wazo, na alivyotabasamu nilijua tumekwisha. Wazee wetu wana kipimo: mwache bata aogelee kando ya batamaji. Kando ya mdogo, bata huonekana binti yake. Kando ya mkubwa, huonekana mjukuu. Ami akamtoa Banu kapuni, akambusu kichwani, akamtelezesha majini. Banu alifundishwa kumfuata ndege yeyote aliyetua, na kurudi akionyeshwa bakuli la shayiri. Akaenda polepole, kama mke wa tajiri anayeingia hamamu, mpaka akasimama ubavuni kwa batamaji. Yule akafumbua jicho moja, akamwona, akalifumba.

"Binti!" Ami akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Binti kabisa! Mwoneni!"

"Binti gani huyo?" Mashdi akajibu. "Huyo ni mama mkwe."

Tukajiziba midomo. Watu walitikisika kwa kicheko mpaka matete ya kibanda yakasikika. Maana ilikuwa kweli, nasi kwa miaka tulikuwa tumeitazama bila kuiona. Ami alimlisha Banu mchele uliolowekwa, kokwa za jozi, mayai ya samaki, na siku za baridi kali alimpa tambi za Ferangis. Bata yule hakuwa tena kipimo cha kitu chochote. Kando yake hata farasi angeonekana punda.

Bibi Golandam akainua kidole. "Wazee walipima kwa bata aliyeumbwa," akasema, "si kwa bata aliyejazwa. Sihukumu kwa huyu. Nataka kuona manjano au kusikia sauti."

Ami alipoonyesha bakuli, Banu akarudi akihema. Ami akamfuta maji kwa ncha ya koti, akimkodolea Mashdi macho. Alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira na uhakika husaidia maadui zake vizuri kuliko wao wenyewe.

"Bibi anataka manjano? Ataona manjano," akaniambia. "Bahador, kafungue lango la maji. Ingiza maji ya mtoni. Batamaji yeyote akisikia maji safi huamka akaoga. Ataoga, mtaona kiraka cha mviringo, na Mashdi ataenda kukaa kwenye moshi."

"Ami, na kama si mviringo?"

"Wewe ni mpwa wa nani, wangu au wa Nosrat?"

Nikatambaa kwenye ukingo kwa tumbo, matope yakiniingia mahali ambapo matope hayana ruhusa, nikainua ubao wa lango kiganja kimoja. Maji ya milima ya Alborz, baridi ya kukata meno, yakaanza kuingia, meupe katikati ya yale ya kahawia. Nililala palepale, pua yangu ikiwa imegusa ukingo. Ndiyo maana niliona kabla ya wote.

Batamaji aliamka. Aliinua shingo, na ilipanda, ikapanda, nikajikuta naisihi moyoni ikome. Akaja taratibu mpaka kwenye maji safi. Akazamisha kichwa, akakitikisa, akazamisha tena. Tope likamtoka kama wino. Na manjano yakatokea, yenye kung'aa, kama ncha ya kisu, yakashuka hadi kulipita tundu la pua bila hata kupiga hodi.

Mkubwa. Mkubwa kama baba yake.

Nikageuka kukitazama kibanda. Kupitia matete nilimwona Ami Hormoz ameingiza kofia yote mdomoni. Mabega yalikuwa yanaruka. Kulia kwa kimya ni sanaa yetu ya zamani, lakini sijapata kumwona mtu akiifanya kwa ukamilifu ule. Alikuwa amempakata Banu. Kwa mkono mmoja alikuwa bado anamlisha shayiri.

Na hapo Mashdi Nosrat akasimama.

Mumwelewe, maskini. Maisha yake yote hakuwahi kushinda kitu, hata bahati nasibu ya msikitini. Miaka mingi alimtamani bata yule, na sasa ni wake. Alifungua mikono, akafungua na mdomo, na kutoka ndani ya kifua kilichonyamazishwa tangu utoto ikatoka sauti ambayo hatukujua anayo:

"BANU WANGUUU!"

Bwawa zima likapaa. Bata, bata bukini, korongo, vitu ambavyo hatukujua hata kama vipo humo, vyote vikainuka pamoja, na mvumo wa mabawa ukatupeperushia mvuke wa chai usoni. Wa mwisho kuinuka alikuwa batamaji. Alikimbia juu ya maji, akapaa, akatupita juu ya paa na kupiga tarumbeta mara mbili, kwa raha zake, ili asibaki mtu mwenye shaka.

Kimya kikarudi. Hapakuwa tena na ndege wa kumrusha, kwa hiyo Bibi Golandam akazungumza kwa sauti yake kamili, na wengine wetu tulikuwa hatujawahi kuisikia. Ilikuwa nzito kama ya mwanamume.

"Nosrat, chukua bata wako."

"Ahsante, Bibi."

"Na viatu vyako."

Basi Mashdi akatoka, bata kwapani, kiti chake cha mbele kikiwa wazi. Ami akakikalia kwa haki ya aliyefuata katika zamu. Mmoja ana bata hana maji, mwingine ana maji hana bata. Kwa juma zima Ami alitazama nyavu zikilowa bure. Upande wa pili Banu alilia kwenye ua wa Mashdi, na bata mwitu wakawa wanatua juu ya nguo alizoanika mke wa Mashdi, wakizitia alama. Mwanamke huyo alimpa mumewe machaguo mawili, na la pili lilikuwa talaka.

Wakapatana penye ukingo wa bwawa, Mashdi akisimama nje ya mpaka, Ami akiwa ndani. Banu anakuja alfajiri, anaita bata nyavuni, jioni anarudi kwa Mashdi. Ndege wanaonaswa, wanaume hao wanawagawana. "Ana waume wawili," Ferangis alisema, "na wote wawili wanapika." Maana kila mmoja alimlisha kwa hofu kwamba mwenzake hamlishi.

Kufikia mwishoni mwa majira, Banu hakuweza tena kuogelea moja kwa moja. Alikuwa akizunguka.

Jana nilimkuta Ami kwenye kiti cha mbele, akimtazama Banu, kidevu mkononi. Akanisogezea mdomo sikioni, kwa ile sauti ya mbu.

"Bahador, mimi nimefikiri. Bata ananenepa, sivyo?"

"Ananenepa, Ami."

"Basi yule," akasema, "alikuwa batamaji mdogo aliyenenepa."