Sketi ya Zingifuri

Nilikuwa hewani jirani yangu Aling Sepa aliponipiga picha kwa simu yangu. Mkono umeshika sketi, miguu imekunjwa kama ya kuku aliyerushwa juu ya ua. Mpaka leo nawaambia watu nilipaa juu ya bati, nikasalimiana na njiwa, ndipo nikashuka. Ukweli ni kwamba niliruka kutoka kipandio cha tatu, kama tulivyorushwa wasichana sote pale kwetu Marikina, Ufilipino, damu ya kwanza ilipotujia, ili kila mwezi siku za hedhi ziwe tatu tu.

Ngazi ile ya mbao ilikuwa ivunjwe kesho yake. Mafuriko yalikuwa yameila. Nikataka ipigwe picha ikiwa kazini. Nikavaa sketi nyeupe, nikaipaka zingifuri ya jikoni, ile mbegu nyekundu ya kutia mchuzi rangi, nyuma, mahali panapojulikana, nikaruka na uzee wangu wote.

Simu nilijifundisha mwenyewe, kama nilivyojifundisha kuogelea: kwa kuzama. Nikaiweka picha mtandaoni. Kufikia jioni wanawake walijaa chini yake kama kisimani. Mmoja alisukumwa na bibi yake akavunjika jino. Mwingine kwao hakukuwa na ngazi, akaruka dirishani, na mwezi wake ukawa wa juma zima. Mmoja, mtawa, aliandika kwamba hajawahi kumsimulia mtu.

Asubuhi picha haikuwepo, wala wao. Palibaki ilani kwamba nimekiuka maadili, na kitufe cha kukata rufaa.

Nilimpelekea simu binti yangu Ligaya mezani, akila wali na samaki mkavu. Anafanya kazi katika jengo la vioo mjini: picha za watu wa lugha yetu zikilalamikiwa, yeye anapitisha au anafuta.

"Nisaidie kukata rufaa," nikasema. "Nimwonyeshe huyo mpumbavu."

"Mpumbavu yuko hapa, Inay, mama yangu."

Nilidhani anatania.

"Ililetwa kwangu. Nilikujua kwa magoti."

"Umemfuta mama yako?"

"Damu ya pale tunaitoa. Ndiyo kanuni."

"Damu gani? Zingifuri hiyo. Umekulia mchuzi wake."

"Mashine haionji, Inay. Na mimi sikuajiriwa nionje." Akasogeza sahani. "Niliwahi kuacha moja, ya mama anayenyonyesha. Nikapewa onyo la mwisho."

"Basi wakubwa wako waamue."

"Wakikurudishia, mimi ndiye niliyekosea. Natoka kazini."

"Na ungeiacha?"

"Ningekuwa nimekosea vilevile."

Kidole changu kilikaa juu ya kile kitufe mpaka wali wake ukapoa. Nilimfikiria yule mtawa, amerudi kwenye ukimya wake bila kuaga. Kisha nikamtazama mwanangu, kucha zimetafunwa hadi nyamani. Nikaizima simu.

Aling Sepa aliniuliza picha imekwenda wapi.

"Magoti yangu," nikamwambia. "Ofisi nzima ya wanaume ilisimamisha kazi kuyatazama, ikabidi ifutwe."

"Muongo wewe, hata shetani anakuja kwako kusoma." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Nyuma ya nyumba, Ligaya alikuwa ameinamia beseni, anaisugua ile sketi. Zingifuri haitoki kwa sabuni. Kila mpishi anajua.

"Iache," nikamwambia.

Akaendelea kusugua, mpaka nyuzi zikaanza kuachana. Nikamnyang'anya, nikaianika kwenye kamba ya mlangoni, doa likitazama barabara. Upepo ukaijaza, ikakaa hewani bila miguu.

Ligaya alipotoka kwenda kazini, ilimbidi ainame kupita chini yake.